SOMO LA MAJILIO: BETLEHEMU YA UDONGO

Mara nyingi wakatekumeni wapya huuliza hivi: Kanisa lawakataza watu kutumainia hirizi na sanamu za mizimu; mbona kila Noeli lenyewe laweka watu na wanyama wa udongo karibu na altare? Swali hili ni jema, tena lastahili jibu la kweli. Na jibu lenyewe lafahamika upesi kwa yule aliyeufinyanga udongo huo kwa mikono yake. Basi somo hili lafundisha namna ya kutengeneza Betlehemu ndogo pamoja na watoto, na maana ya kazi hiyo.

1. Asili ya desturi hii

Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji cha milimani katika nchi ya Italia. Alitaka watu waone kwa macho yao ufukara wa Mtoto Yezu. Siku 15 hivi kabla ya Noeli alimwomba mtu mmoja wa huko, jina lake Yohane, atayarishe hori, yaani chombo cha kulishia mifugo, pamoja na majani makavu, ng'ombe na punda. Usiku wa Noeli watu walikuja na mienge na mishumaa. Padri alisoma Misa juu ya hori lile, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili na kuhubiri.

Tomaso wa Celano, aliyeandika habari hiyo miaka michache baadaye, hataji sanamu ya Maria wala ya Yosefu. Watu walitayarisha mahali tu, na Yezu mwenyewe alikuja katika Ekaristi. Baadaye Wakristu wa nchi nyingi walianza kuweka sanamu. Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko alitia sahihi huko huko Greccio barua ya kuwahimiza Wakristu waishike desturi hii njema.

2. Nchi yenyewe ilivyo

Kabla ya kushika udongo, watoto waijue nchi. Mji wa Betlehemu uko juu ya vilima, kilometa 9 hivi kusini ya Yeruzalemu. Upande wa mashariki nchi yashuka hata jangwa la Yudea, kisha hata Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake yako chini ya usawa wa bahari nyingine kwa zaidi ya meta 400. Huko hakuna misitu mikubwa kama ile ya Kongo. Kuna mawe mengi, majani mafupi, mizeituni na mitini, tena mapango ambamo watu walihifadhi mifugo.

Mkatekista atenganishe yaliyomo katika Injili na yaliyoongezwa na desturi. Luka ataja hori, lakini hataji pango. Habari ya pango yapatikana katika maandiko ya Mtakatifu Yustino wa karne ya 2. Luka hataji ng'ombe wala punda karibu na hori. Wakristu waliwachukua katika kitabu cha Isaya, sura ya 1, mstari wa 3. Mtoto afundishwaye hivi hatachanganya Neno la Mungu na pambo.

3. Kazi ya mikono

Kazi igawanywe katika Dominika 4 za Majilio.

Dominika ya kwanza: nchi. Utafutwe ubao wa urefu wa meta 1 na upana wa sentimeta 60. Watoto walete udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, watoe mawe na mizizi, waukande kwa maji, waufunike kwa majani ya mgomba mpaka kesho yake. Upande wa nyuma wa ubao yapangwe mawe kuwa vilima, kisha yapakwe udongo.

Dominika ya pili: pango, nyumba na njia. Vitu vya mbele vifanywe vikubwa, vya nyuma vidogo, na njia izidi kuwa nyembamba kadiri iendavyo mbali. Hivyo ubao mdogo utaonekana kama nchi pana. Matawi madogo yachomekwe kuwa miti.

Dominika ya tatu: wachungaji na kondoo. Kondoo wafinyangwe wakiwa wamelala, maana miguu myembamba huvunjika. Kichwa kikiunganishwa na mwili, pande zote mbili zichanjwe kidogo kwa kijiti na kupakwa udongo wa majimaji. Sanamu zote zikaushwe kivulini siku 4 au 5. Jua kali hupasua udongo.

Dominika ya nne: Maria, Yosefu na hori. Hori libaki tupu. Mtoto Yezu awekwe usiku wa Noeli tu. Mamajusi wawekwe mbali, pembeni ya ubao, na kusogezwa kidogo kila siku mpaka sikukuu ya Tokeo la Bwana.

Rangi zatosha tatu: makaa, udongo mwekundu na udongo mweupe. Mwenye kuogopa udongo mweupe kwa sababu wazee waliutumia katika ibada za mizimu aambiwe kwamba udongo wote ni kiumbe cha Mungu, wala hauna nguvu yoyote ya siri. Mshumaa usiachwe ukiwaka karibu na majani makavu.

4. Udongo na hirizi

Pengine mtoto ataumega udongo wa hori kwa siri, aufunge katika kitambaa, aende kumvika mdogo wake mgonjwa. Mkatekista asimpige wala asimcheke, kwa maana mtoto huyo ampenda ndugu yake. Amwite kando, amwambie: «Mwanangu, udongo huu uliukanda mwenyewe. Je, ulitia nguvu gani ndani yake?» Mtoto atajibu: «Hapana, baba, sikutia kitu.» Ndipo aambiwe: «Basi tumwombe Yezu aliye hai, kisha twende na baba yako tumpeleke mdogo wako kwa mganga wa dispensari.» Na mkatekista aende nao kweli, siku ile ile.

Hapo ndipo tofauti yaonekana. Mwenye kutengeneza hirizi adai kwamba ameifunga nguvu ndani ya kitu, ili aitawale na kuiuza. Mwenye kutengeneza Betlehemu hafungi kitu. Aandaa mahali, kisha angoja. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu yamwendea yule anayeonyeshwa nayo.

Kwa hiyo hori tupu ni fundisho kubwa kwa mkatekumeni. Naye huyatengeneza maisha yake muda mrefu: aacha ugomvi, alipa deni, ajifunza sala. Hata hivyo hawezi kujibatiza. Neema ya Ubatizo yatoka kwa Mungu.

Maswali na majibu

Swali: Je, Wakristu huabudu sanamu za Noeli?
Jibu: La. Humwabudu Mungu peke yake. Sanamu huwakumbusha kwamba Mwana wa Mungu alijifanya mtu.

Swali: Kwa nini hori laachwa tupu katika Majilio?
Jibu: Kwa sababu watu huandaa mahali, lakini Mungu ndiye ajaye.

Swali: Baada ya sikukuu, sanamu zifanyweje?
Jibu: Zihifadhiwe kwa mwaka ujao. Zilizobarikiwa zikivunjika, zizikwe ardhini kwa heshima, wala zisigeuzwe dawa.

Zoezi: Kila mkatekumeni amsaidie mtoto mmoja kufinyanga kondoo mmoja, na kumsimulia habari za wachungaji katika Injili ya Luka, sura ya 2.