Kufundisha Jinsi Seli Nyeupe za Damu Zinavyobadili Umbo

Walimu wengi huzieleza seli nyeupe za damu kuwa ni askari wa mwili. Mfano huu wafaa kwa kuanzia, lakini una upungufu: mtoto hudhani kwamba seli hizo zina umbo moja na hujiamulia kazi. La hasha, umbo la seli hufuata ujumbe inaoupokea.

Maelezo kwa mwalimu

Seli iitwayo monosaiti huwa ya mviringo ndani ya damu. Ikitoka humo na kuingia katika nyama za mwili, hukutana na vichocheo vya ukuaji vilivyotolewa na seli nyingine. Kichocheo hushikamana na kipokezi kilicho juu ya seli, kama ufunguo na kufuli. Hapo nyuzi za aktini zilizomo ndani hujipanga upya; seli hutanuka, hutoa miguu ya muda na kumeza vijidudu. Sasa huitwa makrofaji. Baadhi ya vichocheo hivyo hutolewa na seli saidizi, ambazo nazo ni seli nyeupe.

Hatua za somo

1. Kila kikundi kifinyange mpira wa udongo na kuuzungushia punje za mahindi. Punje ni vijidudu.
2. Wanafunzi watatu wawe seli saidizi. Kila mmoja aletapo ujumbe, kikundi kivute mguu mmoja wa udongo na kuzingira punje.
3. Rudieni zoezi kwa mjumbe mmoja tu. Waulize: punje ngapi zimebaki, na kwa nini?
4. Warudishe wajumbe wote, kazi iendelee.

Tahadhari

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango kilichozidi mikoa mingine yote. Virusi hivyo huangamiza hasa seli saidizi. Dawa za kufubaza huvizuia visizaliane, na wajumbe huongezeka tena, kama katika hatua ya nne.

Kwa hiyo, uwapo darasani Njombe au Makambako, usiulize nani ni mgonjwa, wala usitaje jamaa ya mtu. Eleza hatua ya nne kwa darasa zima. Mtoto amezaye dawa kila siku ataelewa zinamfanyia kazi gani, pasipo kunyoshewa kidole.