Mtoto wa Lupembe na sap ya kwanza

SWALI: Wazazi wangu ni wakulima wa chai huku Lupembe, Njombe. Nimemaliza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma. Sekondari niliongoza darasa. Chuoni nimepata sap, yaani mtihani wa marudio, na bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, huniishia mapema. Najiona nimewaangusha nyumbani.

JIBU: Mwanangu, hujamwangusha mtu. Sekondari kengele ilikuamsha na prepo ya jioni ilikukalisha mezani. Chuoni hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Akili yako ni ileile. Umekosa ratiba, na kupanga ratiba mtu hujifunza. Anayengoja wiki ya mtihani ndipo afungue daftari ameshapoteza alama za majaribio na kazi za darasani.

Mtafute mhadhiri wa somo ulilopata sap, umuulize alama zilikupotea wapi. Najua huko kwenu kwa Wabena mtoto aliyelelewa vizuri huona haya kumsumbua mkubwa. Bisha hodi hivyo hivyo, kwa adabu.

Bumu likiingia, ligawe kwa wiki siku hiyohiyo, kabla ya simu mpya wala nguo. Kama una mdogo wako wa kumsaidia, ni jambo jema, lakini hiyo ni fedha ya mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kuilipa.

Wazazi waambie mwenyewe. Baridi ya Julai hupunguza majani ya chai, nao hawang'oi mche kwa sababu hiyo; nawe watakuelewa. Kisha uliza tarehe ya sap, uanze kusoma wiki hii.