Uchovu wa mama mzazi usidharauliwe

Msomaji, iwapo umejifungua karibuni, au una mke ama dada aliyejifungua, soma makala haya kwa makini.

Mama mmoja alinijia mtoto wake akiwa na umri wa miezi saba. Alikuwa amechoka kupita kiasi, ngozi imekauka, choo kigumu, na alihisi baridi hata jua likiwaka. Mama mkwe alisema ni uvivu. Kwingine alikokwenda alipewa tembe za kuongeza damu. Tulipompima tulipata kwamba tezi yake ya thairoidi haikuwa ikitoa homoni za kutosha.

Tezi hii iko mbele ya koo, na homoni zake huongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Kinga ya mwili, ambayo hutulia wakati wa mimba, huamka baada ya kujifungua, na kwa baadhi ya wanawake huishambulia tezi. Kwanza homoni huvuja kwa wingi: moyo hudunda mbio, mikono hutetemeka, mama hukonda na kukasirika upesi. Miezi kadhaa baadaye tezi huishiwa, na hapo uchovu huanza. Kwa kuwa koo haliumi, wengi hawashuku lolote. Tatizo hili huwapata takriban akina mama 5 katika kila 100.

Je, kila mama apimwe? La. Wengi hupona wenyewe kabla ya mwaka kwisha, na kipimo kina gharama. Lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au aliyepatwa na tatizo hili katika uzazi uliopita, apimwe damu, kipimo kiitwacho TSH, mwezi wa tatu na wa sita. Mwenye dalili nilizotaja, au huzuni isiyokwisha, asingoje.

Nyakati hizo ni rahisi kukumbuka, kwani mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki 14 na kwa vitamini A akitimiza miezi sita. Kadi ya mtoto hujazwa. Mama haulizwi neno. Basi uliza wewe.

Ukipewa tembe za thairoksini, zimeze kwa maji asubuhi kabla ya chai. Zile za madini ya chuma zimeze baada ya muda wa saa nne. Endelea kunyonyesha bila hofu. Hata ukipona, pimwa kila mwaka, na tena kabla ya kushika mimba nyingine.