Mume Akipoteza Kazi, Nani Aambiwe Kwanza?



Ndugu mmoja wa hapa Kithyoko alikuwa karani wa stoo huko Nairobi kwa miaka 14. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, alipewa barua ya kupunguzwa kazini. Hakumwambia mtu. Wakati huo barabara za kutoka Nairobi zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai, kwa hiyo kisingizio cha kutofika nyumbani alikuwa nacho. Kila mwisho wa mwezi alichota kidogo kutoka malipo yake ya kuachishwa kazi, akamtumia mkewe kana kwamba ni mshahara. Mke naye, akiutegemea mshahara huo, alikopa kwa chama cha akina mama ili anunue tangi la maji.

Barabara zilipofunguliwa mume akapata kisingizio kingine. Mwezi wa Agosti mama huyo akasikia ukweli sokoni, mbele ya watu.

Alipokuja kwangu hakuilalamikia kazi. Alisema, "Katekista, kazi huja na kwenda. Lakini mimi nimekopa kwa jina la mshahara ambao haupo, na aliyejua ni mume wangu."

Msomaji, usiharakishe kumhukumu mume huyu. Sisi Wakamba tuna neno nthoni. Ni aibu, na pia ni heshima, hasa ile tunayowapa wakwe zetu. Mwanamume ambaye bado anadaiwa mahari atawaambiaje wazazi wa mkewe kwamba hana kazi? Atakaaje kwenye benchi la jumuiya ndogo ndogo wakati wa mchango? Hata katika Injili yumo mtu wa namna hii. Katika Luka sura ya 16, wakili aliyeambiwa atatolewa kazini aliwaza moyoni kwamba nguvu za kulima hana, na kuomba kunamtia aibu. Bwana wetu aliijua shida hii kabla yetu.

Wala si jambo jipya hapa Kenya. Tangu mwaka 1993 Serikali ilipoanza mpango wa kupunguza watumishi wake, wanaume wengi walirudi vijijini na masanduku yao, wengine wakajifungia ndani ya nyumba mchana kutwa wasionekane. Na siku hizi hata akina mama wenye mishahara hupatwa na hayo. Ninayosema kuhusu mume yanawahusu na wao.

Hebu sasa tuhesabu kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayepunguzwa lazima apewe taarifa angalau mwezi mmoja mbele. Tena alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika, na siku za likizo anazodai. Kwa miaka 14 hizo ni siku 210, yaani mshahara wa karibu miezi saba. Ndugu yetu alitumia zaidi ya nusu ya fedha hizo kuigiza mshahara. Kama angemwambia mkewe siku ile ile ya barua, mkopo wa tangi usingechukuliwa, na nyumba ingekuwa na mtaji mkononi. Aibu iliwala mtaji wao.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa barua, mke wako ndiye aambiwe kwanza, kabla ya rafiki na kabla ya ndugu. Mwambie mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala, na mwonyeshe barua yenyewe na hesabu ya fedha. Usimwambie nusu. Nawe mama, usiku huo si wa kumlinganisha na mume wa jirani. Ukimwambia kwamba yeye si mwanamume, atalikumbuka neno hilo hata akipata kazi ya kushinda ile ya kwanza. Kubalianeni pia ni nani mwingine ajue, na lini. Wakwe waambiwe na ninyi wenyewe, wasisikie kutoka kwa abiria wa matatu.

Halafu kuna kutafuta. Kabla ya kuondoka, dai cheti cha utumishi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe. Kama una ufundi wa mikono uliojifunzia kazini tu bila shule, ipo mitihani ya ufundi ya NITA ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtu mzima hukaa mtihani huo pamoja na vijana, na najua hapo tena aibu itabisha hodi.

Someni pamoja Matendo ya Mitume sura ya 18. Akila na Priska walikuwa mume na mke waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korintho, mji wa ugenini, wakashona mahema, na Mtume Paulo akakaa nao akishona pia. Walifukuzwa mji, lakini ufundi walihama nao. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya, ambaye ni mfano wa Mungu. Basi karani hapungui utu akishika jembe au mizani.

Ilikuwa mizani kweli. Mke ndiye aliyeona kwamba mtu aliyetunza stoo miaka 14 anaweza kuwapimia na kuwaandikia wakulima ndengu na mbaazi zao wakati wa mavuno. Siku ya kwanza alisimama kando ya barabara ya Garissa na kofia imeshushwa hadi machoni, maana mabasi ya Nairobi hupita hapo na rika zake humo ndani. Mkewe alisimama naye akishika magunia. Mapato hayajafika mshahara wa zamani, na msimu wa ukame huwa ni shida tupu. Deni la chama walilimaliza mwaka 2022. Kofia siku hizi huvaa kwa ajili ya jua.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke:

1. Kama mmoja wetu angepewa barua leo, ni jambo gani angeogopa kumwambia mwenzake?

2. Ni madeni gani tuliyo nayo ambayo mwenzangu hayajui?

3. Ni kazi gani ninayoiweza, ila nasita kwa sababu ya macho ya watu? Ni watu gani hao?