Anaacha Sigara: Wewe Msaidie Hivi

Mumeo, kaka yako, au yule shangazi anayevuta kwa kujificha nyuma ya jiko, ametangaza kuwa anaacha sigara. Kuacha ni kazi yake. Yako ni kumpunguzia vishawishi na kumvumilia, si kumpekua mifuko.

1. Muulize anataka asaidiwe vipi. Kuna anayependa kuulizwa kila jioni, "Leo imekwendaje?" Mwingine swali hilohilo ndilo linalomkumbusha sigara. Kubalianeni mapema: akinuna, umwache peke yake au umtoe mkatembee?

2. Jiandae kwa siku tatu za mwanzo. Arosto huanza saa chache tu baada ya sigara ya mwisho, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Atakosa usingizi, atakula sana, na hasira zitakuwa karibu. Akikufokea eti chumvi imezidi, ujue ugomvi si wa chumvi. Mambo ya ada ya shule na deni la shemeji yasubiri. Huenda hata akakohoa zaidi kwa muda, maana njia za hewa zimeanza tena kujisafisha. Akitoa damu, au kikohozi kisipoisha baada ya wiki chache, aende hospitali.

3. Ipe mikono kazi. Hamu ikimshika, mara nyingi haimalizi dakika kumi. Mpe chungwa na kisu. Mpaka aondoe ganda lote, agawe vipande na kutema mbegu, hamu imeshapoa. Karanga za maganda nazo zinafaa sana. Za kukaanga zilizomenywa huisha upesi mno.

4. Angalieni kahawa. Hili wengi hawalijui. Moshi wa sigara hulifanya ini livunjevunje kafeini haraka. Akiacha kuvuta huku akiendelea na vikombe vilevile, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi: moyo unamdunda, usiku anahesabu mabati, na lawama zote anaitupia sigara aliyoiacha. Apunguze, hata kwa nusu. Halafu kuna kijiwe chenyewe. Pale kwenye birika na kashata ndipo sigara huuzwa moja moja, kiberiti kimefungwa kwa uzi kinamngoja. Kwa wiki za mwanzo, mpikie chai ya tangawizi nyumbani na uwaalike marafiki zake waje barazani. Watakumalizia sukari, ndiyo, lakini vumilia.

5. Dukani nenda wewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara chini ya kumi kwenye pakiti, ila mtaani kila mtu anajua hali ilivyo. Ukimtuma sukari saa mbili usiku, umemtuma majaribuni. Ondoa visahani vya majivu, fua makoti na mapazia. Na kama wewe mwenyewe unavuta, usivutie ndani wala mbele yake.

6. Usimcheke akitumia dawa. Chingamu na plasta za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Chingamu hiyo ina utaratibu wake: anaitafuna polepole mpaka ianze kuwasha, anaibana kati ya shavu na ufizi, kisha anarudia. Asinywe kahawa wala soda akiwa nayo mdomoni, maana nikotini haitafyonzwa vizuri. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Shisha, ugoro na kuberi si dawa. Ni tumbaku ileile.

7. Akiteleza, usimsomee mashtaka. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Ukimkaripia kwa sigara moja, ya pili ataivuta kwa siri na hutaambiwa tena. Muulize ilikuwa wapi, nani alimpa, na alikuwa anajisikiaje. Kama ni kwenye banda la mpira, mechi ya Jumamosi itazameni nyumbani kwa jirani asiyevuta, na hilo la kuomba nafasi mbele ya runinga yake lishughulikie wewe.