Usinunue Tani: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Winchi ya Mkono Pwani ya Mtwara

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na kuendelea mpaka mdomo wa mto Ruvuma, vitu vizito bado vinavutwa kwa nguvu za watu. Mashua hupandishwa ufukweni ili ikalafatiwe, gari hunasuliwa mchangani, mti ulioangushwa na upepo huondolewa njiani. Tingatinga haliko karibu, winchi ya umeme inadai gari la kuibeba na betri ya kuilisha, na vijana wa kushika kamba hawapatikani saa yoyote unayowataka. Hapo ndipo inapohitajika winchi ya mkono, ile yenye mpini na, kwa aina nyingi, gurudumu la meno na kiulimi cha chuma kinachodondokea kati ya meno kuzuia mzigo usirudi nyuma.

Nimezitumia mashine hizi kwa muda mrefu, zangu na za kuazima, na wanaotaka kununua huniuliza ushauri. Karibu wote huanza na swali moja: ina tani ngapi? Mimi tani naziweka nafasi ya tatu. Kwanza nauliza mzigo utasafiri umbali gani, kisha nauliza mashine inaachiaje. Yafuatayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye mpangilio huo.

1. Pima safari kabla ya kupima uzito

Bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Mtwara hupita mita 3, na kwenye fukwe za ulalo mdogo kama za Ghuba ya Mnazi maji hukimbia mbali sana. Chombo huletwa na maji makuu, kikapwelewa, na kuanzia hapo una saa chache za kukifikisha juu ya alama ya maji kabla bahari haijarudi kukidai.

Winchi ndogo yenye pipa la kukunjia waya, inayouzwa kwa wingi kwenye maduka ya vipuri vya magari, mara nyingi ina waya wa mita 2 au 3 tu. Waya ukiisha inabidi ukizuie chombo kwa magogo, ulegeze, usogeze mnyororo unaoifunga winchi, ukaze upya. Kwa mita 30 za ufukwe utafanya hivyo kama mara kumi au zaidi, na kila mara ni nafasi mpya ya kubanwa kidole. Winchi ya mnyororo, ile ya mpini mfupi ambayo mafundi wengi huiita chenbloku ya mkono, kwa kawaida husafiri kama mita 1.5. Hiyo ni hodari wa kunyanyua injini au kunyoosha chuma kilichopinda, lakini ufukweni itakuchosha.

Ya tatu ni aina ya Tirfor, mashine ya kampuni ya Tractel. Haina pipa. Waya huingia upande mmoja ukatokea mwingine, na ndani yake mataya mawili huushika kwa zamu, kama mkwezi wa mnazi anavyoshika kwa mikono huku miguu ikipanda. Safari yake inaishia pale waya wako unapoishia. Waya wa mita 20 na kipande cha mnyororo hutosha kazi nyingi za ufukweni. Ubaya wake ni bei, na uzito: mashine na waya wake ni mzigo wa watu wawili.

2. Kabla ya kuuliza inavutaje, uliza inaachiaje

Nahodha mmoja mzee wa Mikindani alipoiona winchi yangu hakuigusa mpini. Aliniambia, "Mwanangu, kuvuta kila mtu anajua. Nionyeshe itashushaje." Alikuwa amegusa penye kiini. Chombo kilichopandishwa kitashuliwa siku moja, na kwenye mteremko kazi ya kukizuia kisikimbie ni muhimu sawa na kazi ya kukipandisha.

Winchi ya pipa huachia jino moja baada ya jingine. Unaugeuza ulimi, unaukandamiza mpini mpaka ubebe mzigo wote, kisha unaurudisha polepole. Mkono ukiteleza, mpini hurudi kwa nguvu zote za mzigo, na aliyeinamia juu yake huumia taya au mbavu. Zipo za bei rahisi ambazo mzigo ukishakaza sana hazikubali kuachia kabisa.

Winchi ya mnyororo ina breki ya sahani za msuguano, kwa hiyo inashusha kwa utulivu kama inavyopandisha. Aina ya Tirfor ina nafasi ya mpini wa pili: mmoja wa kwenda mbele, mwingine wa kurudi, na muda wote kuna taya lililoshika waya. Kama kazi yako ina kushusha ndani yake, hili peke yake linatosha kukuamulia.

3. Tani zilizoandikwa ubavuni zina maelezo yake

Namba iliyochorwa kwenye mashine inaweza kuwa na maana nne tofauti. Inaweza kuwa uzito unaoruhusiwa kunyanyuliwa. Uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Kiwango ambacho chuma hukatika. Au nguvu inayopatikana waya ukiwa umepitishwa kwenye kapi na kurudishwa. Winchi ndogo iliyoandikwa tani 4 mara nyingi inazungumzia waya uliorudishwa, kwa hiyo kwa waya mmoja ni mbili. Tena kwenye pipa, nguvu kamili hupatikana kwenye mzunguko wa kwanza wa waya. Waya unapojikunja juu ya mwenzake, nguvu inapungua.

Mashine ya uhakika hutaja uzito wa kunyanyua, hutaja unene wa waya wake, na huwa na kinga ya kuzidishiwa mzigo. Kwenye Tirfor kinga hiyo ni pini laini zinazokatika mzigo ukizidi, na za akiba huhifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Pini ikikatika, mashine imekuambia punguza mzigo au ongeza kapi. Ukiweka msumari au kipande cha nondo mahali pake, umehamisha mkatiko kutoka kwenye pini ya bei ndogo kwenda kwenye waya. Vivyo hivyo kwa bomba la kurefushia mpini: urefu wa mpini umepimwa ili mtu mmoja asiweze kuizidishia mashine.

4. Hesabu mvuto, kisha uupunguze

Chukua mashua ya tani 3 kwenye ufukwe unaopanda mita 1 kwa kila mita 10. Mteremko peke yake unadai kama kilo 300. Msuguano wa mbao juu ya mchanga mkavu unaweza kufika nusu ya uzito, yaani kilo 1,500. Jumla ni kilo 1,800, na winchi ya tani 1.6 imeshazidiwa.

Sasa tandika mbao zilizopakwa mafuta chini ya mkuku. Msuguano ukishuka hadi moja ya tano, unabaki na kilo 600, na jumla inakuwa 900. Ukiweka milago, yale magogo ya mviringo ambayo wazee wetu waliyavingirisha chini ya vyombo, utashusha zaidi. Mbao na magogo hugharimu kidogo kuliko kupanda ngazi moja ya tani dukani.

Kwa gari lililozama kwenye njia ya Msimbati hesabu ni hiyo hiyo. Chimba mbele ya matairi, punguza upepo, ondoa mchanga uliogusa tumbo la gari, ndipo ushike mpini. Winchi inayovuta gari lililolalia tumbo inavuta gari pamoja na ufukwe.

5. Kapi moja ni nusu ya mashine

Mabaharia wa pwani hii hawahitaji kufundishwa kapi. Foromali hainuki bila kapi. Funga kapi kwenye chombo, pitisha waya, rudisha ncha yake kwenye kishikio, yaani kile kitu imara ulichofungia winchi. Chombo kitapata nguvu maradufu, utapoteza nusu ya mwendo, na utahitaji waya mara mbili.

Cha kuangalia ni mahali kapi linapokaa. Likiwa kwenye chombo, linakusaidia kuvuta. Likifungwa kwenye mti ili kugeuza tu mwelekeo wa waya, halikuongezei nguvu hata kilo moja, ila mti ule hubeba karibu mara mbili ya mvuto wako pale waya unaporudi ulikotoka. Ndiyo maana kapi, pingu yake na mkanda wake vinapaswa kuwa na nguvu kuizidi winchi.

6. Kishikio ndicho kinachoshindwa kwanza

Winchi nzuri iliyofungwa kwenye kitu dhaifu huvuta kitu hicho. Mnazi una mizizi mingi lakini myembamba, na ule ulioinamia baharini umeshaanza safari yake. Mvinje mkubwa ni bora, ukifungwa chini kabisa karibu na ardhi. Tumia mkanda mpana, usizungushe waya mtupu kwenye gome. Mkanda uwe mrefu pia: ncha zake mbili zikifanya pembe ya nyuzi 120, kila ncha inabeba mzigo sawa na mvuto mzima.

Mikoko iache. Imo ndani ya misitu ya hifadhi, na huku kwetu sehemu kubwa yake iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650. Hata ukiweka sheria pembeni, tope la mikoko halishiki.

Pasipo na mti, fukia gogo. Chimba mtaro wa kina cha mita 1 hivi, ukikingama na njia ya kuvutia, laza gogo nene, funga mnyororo katikati yake, upitishe kwenye mfereji mwembamba wenye mteremko mdogo, kisha fukia na kushindilia. Kazi ya kuchimba inauma mgongo, lakini kishikio hicho kinadumu na wenzako watakitumia msimu wote.

7. Chumvi inaua springi, mchanga unaua waya

Kinachokufa kwanza kwenye winchi ya pwani ni kijispringi kinachousukuma ulimi kwenye meno. Kikipata kutu, ulimi hukaa juu ya jino badala ya kuingia kati ya meno mawili, na siku moja mzigo hurudi wote kwa mpigo. Sikiliza mlio: kila jino liwe na mlio wake, mkavu, wa kufanana.

Baada ya kazi osha kwa maji baridi, anika, kisha paka oili nyepesi kwenye waya na kwenye ulimi. Oili chafu ya gereji usitumie. Ikichanganyika na mchanga inasaga chuma. Winchi ikiwa ufukweni ilaze juu ya gunia. Na ile ya mnyororo usimimine oili wala grisi kwenye nyumba ya breki, kwa sababu sahani zake hushika kwa ukavu. Ukizilainisha, mzigo utateleza.

Waya uliokunjika ukaacha kifundo, uliopondeka, au wenye nyuzi zilizochomoza ukatwe au utupwe. Ukifunga kitanzi kwa klipu weka zisizopungua tatu, kiti cha klipu kikae upande wa waya unaobeba mzigo, na bolti iliyopinda ikae upande wa ncha isiyo na kazi.

8. Waya uliokaza hauna urafiki

Chombo kikipandishwa, watoto hukusanyika. Watoe kwanza. Asisimame mtu kati ya winchi na mzigo, wala ndani ya pembe ya waya uliopita kwenye kapi, wala asiruke waya. Lalisha magunia mazito yaliyolowa katikati ya waya ili ukikatika uanguke chini. Kamba ya nailoni ni hatari zaidi, maana inanyumbuka na kuweka nguvu nyingi kabla ya kukatika. Mtoa amri awe mmoja, na neno la kusimamisha liwe moja.

Haraka ndiyo inayovunja kanuni hizi. Kimbunga Kenneth kilipokaribia Aprili 2019, kabla ya kutua Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma tarehe 25, wakazi wa maeneo ya chini Mtwara walitakiwa kuhama. Siku kama hiyo kila mwenye chombo anataka kipande juu leo leo. Gogo lililofukiwa mapema, mbao zilizo tayari na waya uliokaguliwa ndivyo vinavyokupa nafasi ya kufanya haraka bila kuumiza mtu.

9. Basi, inunuliwe ipi?

Wenye mashua wanaotumia ufukwe mmoja wachange wanunue ya waya wa kupita, ile aina ya Tirfor, ya tani 1.6, pamoja na kapi moja la uhakika, mikanda miwili mipana na mbao. Fundi wa injini achukue ya mnyororo ya tani 1.5. Mwenye gari la njia za mchanga anaweza kuridhika na ndogo ya pipa, mradi awe na koleo, na akumbuke kwamba safari yake ni ya mita chache.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji aifunge kati ya nguzo mbili, aikaze mpaka waya utoe sauti, kisha ailegeze mbele yako. Akiweza kuilegeza polepole bila kurukwa na mpini, anza kuzungumza naye bei. Akikwambia hiyo haijaribiwi hapa, mshukuru na uende duka la pili.