Dawa ya Mama Inalipwa na Nani?

Somo: Marko 7:9-13; 1 Timotheo 5:4-8

Katika somo hili Yesu anawakemea Mafarisayo kwa ajili ya desturi iliyoitwa korbani. Mtu aliweza kutangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi wake hawakuweza kumdai kitu. Wazazi walipungukiwa, na mwana akaonekana mcha Mungu. Yesu hakukubali amri ya nne ifutwe kwa sadaka.

Tusidhani korbani ilikwisha na Mafarisayo. Hapa Kaloleni unaweza kumkuta Mkristo ambaye jina lake halikosi kusomwa kwenye harambee ya kanisa, naye mama yake anameza nusu kidonge ili dawa ya presha ifike mwisho wa mwezi. Kamati ya ujenzi inisamehe, lakini huyo anunue dawa kwanza. Mtume Paulo anamweka asiyewatunza watu wa nyumbani mwake chini ya asiyeamini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2218, inawadai watoto waliokua wawasaidie wazazi kwa mali na kwa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke. Kwa hiyo wajibu upo. Namna ya kuutimiza ndiyo inayovuruga ndoa nyingi.

Tuanze na ninyi wawili. Kitabu cha Mwanzo 2:24 kinaposema mtu atawaacha baba na mama, hakimaanishi awatupe. Maana yake ni kwamba uamuzi wa nyumba sasa ni wa mume na mke. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu. Mume anamtumia mama yake, kisha anafuta ujumbe kabla hajafika mlangoni. Mke naye anachukua fedha za chama, anamtumia mama yake, na kusema unga umepanda bei. Wote wawili wanatenda jambo jema kwa kujificha. Siku likijulikana, ugomvi hautakuwa juu ya shilingi 1,000, utakuwa juu ya uongo.

Kaeni mezani watoto wakiisha kulala. Andikeni kodi, karo, chakula, kisha wazazi wa pande zote mbili katika karatasi ile ile. Katika nyumba nyingi mama wa mume huitwa wajibu, na mama wa mke huitwa msaada. Amri ya nne haikutenganisha ukoo wa mume na ukoo wa mke.

Kumleta mzazi akae nanyi ni jambo zito zaidi. Mume asilikate kwa simu na ndugu zake, halafu mke aambiwe tu kwamba mama anafika Ijumaa. Ni nani atakayemwogesha? Ni nani atakayeamka usiku? Tena jamii zetu kadhaa zina mila ya heshima kati ya mama mkwe na mkwe wa kiume, hawalali chini ya paa moja. Mila hiyo msiidharau. Pengine itafaa mama apangiwe chumba karibu nanyi, au akae kwa binti ambaye hajaolewa, nanyi mbebe gharama.

Sasa tuje kwa ndugu. Tuchukue mfano wa jamaa ya watoto wanne ambao mama yao anahitaji shilingi 12,000 kwa mwezi kwa dawa, nauli ya kliniki, nepi za watu wazima na chakula. Kifunguamimba anasema kila mmoja atoe 3,000. Hesabu ni sawa, lakini haki haipo. Yeye ni mwalimu, wa pili ni fundi wa makanika, wa tatu anauza nguo Gikomba, na wa nne ndiye anayekaa na mama na kumgeuza kitandani. Afadhali mwalimu atoe 6,000, fundi 3,500, mchuuzi 2,500. Huyo wa nne asidaiwe hata senti, kwa sababu angeajiriwa mtu mwingine kufanya kazi yake, mngelipa mshahara. Tena apewe Jumapili mbili kwa mwezi za kupumzika, na mwingine aje ashike zamu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Anayeishi na mzazi katika nyumba ya Kaloleni huambiwa, "Wewe unakaa bure, mlishe wewe!" Naye hushukiwa kwamba anangojea nyumba. Nyumba hizi zilijengwa na Manispaa ya Nairobi katika miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika na jamaa zao, na leo ni za serikali ya Kaunti. Mzazi ni mpangaji. Ndugu wanaogombania nyumba hiyo kama shamba la urithi wanagawana kisicho chao, na wakati huo mama anakosa dawa. Swali la nyumba liwe na siku yake. Mwezi huu zungumzeni juu ya mama.

Msaada uliopo msiuache. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imepisha SHA. Malipo yako yanakuhudumia wewe, mwenzi wako na watoto, wala si mzazi wako. Yeye hujiandikisha mwenyewe. Kwa asiye na ajira kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na watoto wanne hawawezi kushindwa na hizo. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingine huchelewa. Hizo ni zake. Mumwulize yeye anataka zifanye nini.

Mmoja wenu aandike matumizi katika daftari na kutunza risiti za kemisti. Msisome majina ya waliokosa kutoa mbele ya mama.

Na mzee asiye na mtu? Kasarani wako Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Mtakatifu Jeanne Jugan mwaka 1839, wanaotunza wazee maskini. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo ziwafikishie habari zake, lakini mwenye watoto wazima asipelekwe huko kwa sababu watoto wamegombana.

Kwa mazungumzo ya mume na mke: Mwezi uliopita tulitoa kiasi gani kwa matanga, na kiasi gani kwa mzazi aliye hai? Je, kuna fedha ambazo mmoja wetu hutuma bila mwenzake kujua? Ni nani anayemwogesha mama, na lini mara ya mwisho tulimwambia asante?